Kulala Chali Kikazi

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa unyenyekevu ambao wenzangu wameusifu mara kadhaa kwa maandishi, natangaza kwamba kuanzia robo ya pili ya mwaka huu kupumua ndani ya kambi yetu kumewekwa chini ya usimamizi. Zamani watu walipumua ovyo. Kila mmoja alivuta hewa alipotaka na kuitoa alipotaka, bila kumwarifu mtu yeyote. Wakati huo umepita, na aliyeupitisha ni mimi.

Mimi ni Inspekta Cleopas Wandera, Afisa wa Ustawi, Nidhamu na Mikao katika Kikosi cha Ulinzi wa Majengo ya Umma, kambi ya Namuwongo, Kampala. Neno Mikao liliongezwa mwezi wa tano, baada ya mimi kuandika barua ya kupendekeza liongezwe, na mimi mwenyewe kuipokea na kuipitisha. Kambi yetu iko bondeni kando ya reli. Ukisimama katikati ya uwanja wa gwaride unauona mlima wa Kibuli wote, msikiti juu na shule ubavuni. Ukilala chali unaona mawingu tu, lakini suala la kulala nitalifikia kwa utaratibu.

Kambi ina watoto wengi kuliko askari. Miongoni mwao wapo wasichana kumi na wawili wanaocheza mpira wa wavu chini ya Koplo Aloyo, mwanamke wa Kitgum huko kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumaliza kazi kabla hajaambiwa aianze. Tabia hiyo nimeiripoti mara mbili. Wasichana hao walikuwa wakiumia. Uwanja wetu ni udongo mwekundu uliokauka ukawa kama sakafu, na msichana anayeruka juu ya wavu mara mia kwa jioni moja hutua kwa magoti yake mwenyewe. Kufikia Februari nusu ya timu ilikuwa inachechemea, na nahodha wao, Amony, alikuwa akishuka ngazi kwa kutanguliza makalio.

Amony ana miaka kumi na sita. Mama yake ni konstebo anayelinda lango la jengo moja mjini, na baba hayupo. Aliacha shule muhula wa kwanza kwa kukosa ada, akawa anashinda soko la Nakivubo kwenye kibanda cha Mama Akeyo, Mkenya kutoka Kisumu anayeuza nguo za michezo za mitumba. Kazi ya Amony ilikuwa kukunja suruali. Mama Akeyo, kabla hajaingia biashara, aliwahi kufundisha yoga kwenye ukumbi wa mazoezi huko kwao, na alipomwona mtoto anainama kama bibi wa miaka themanini, alifunga kibanda mapema, akapanda boda, akaja kambini na mikeka kumi na miwili. Hakuomba kibali. Akawa anakuja kila Jumanne na Alhamisi, anawapanga wasichana, anawanyoosha migongo, anawafundisha kupumua taratibu na kutua kwa upole.

Kwa muda wa wiki saba hakuna ofisi iliyojua. Magoti yakapona. Wasichana wakaanza kuruka mpaka viganja vikaonekana vyote juu ya wavu, wakashinda mechi tano mfululizo. Nasikitika kusema kwamba ushindi huo wote ulipatikana bila karatasi hata moja.

Niligundua mambo haya Alhamisi moja jioni nilipokatisha uwanja wa gwaride kwenda mesi. Niliwakuta wasichana kumi na wawili wamelala chali, mikono pembeni, macho yamefumba. Karibu nipige kelele. Katika kambi ya askari mtu aliyelala kwenye uwanja wa gwaride amezimia, amekufa, au amegoma, na kwa kila hali fomu yake ipo. Nilimuuliza Koplo Aloyo niandike ipi.

"Hapana andika kitu, afande," alisema. "Wanapumzika tu. Magoti ya watoto ilikuwa nauma. Sasa hapana uma tena."

Kupumzika kwa makusudi, kwenye uwanja wa serikali, bila fomu. Sikulala usingizi nilipofikiria tumeishi na pengo hilo miaka mingapi.

Kamanda wetu, Mrakibu Okeny, ni mtu wa uamuzi wa haraka; ndani ya siku kumi na nane aliunda Kamati ya Mikao, nikawa katibu. Tulikutana mara sita. Padri na shehe wa kambi waliitwa watoe maoni kama mazoezi haya yana kasoro ya kiimani. Walisoma maelezo, wakanong'onezana, kisha wakauliza kama yapo yanayofaa kiuno cha mtu mzima. Kipengele hicho kikafungwa.

Ugumu ulikuja kwenye ule mkao wa kuinama mikono chini na matako juu, ambao Mama Akeyo anauita mkao wa mbwa. Afande Sulaimani, mkuu wa kitengo cha mbwa, mzaliwa wa Kibuli na mtu asiyekubali kupunjwa, alisimama kabla sijamaliza kusoma.

"Mbwa iko chini ya ofisi yangu, ssebo," alisema. "Mtu akitaka kukaa kama mbwa, areta balua kwangu kwanza."

Alikumbusha kikao kwamba mbwa wa kikosi wana namba za utumishi na wasichana hawana, kwa hiyo msichana anayejifanya mbwa anajipandisha cheo. Hoja ilikuwa nzito. Tulikubaliana baada ya vikao viwili kwamba mkao huo utafanywa mbele ya mwakilishi wa kitengo cha mbwa, na kwamba mbwa mwenyewe, kama yupo, atasimama mbele ya mstari. Mkao wa shujaa, ule wa kutanua miguu na kunyoosha mikono, tuliuhifadhi kwa maafisa kuanzia cheo cha inspekta. Wasichana, kwa kuwa hawajapigana vita vyovyote, walipewa mkao huohuo kwa jina la Raia Mtiifu, mikono ikiwa chini kidogo. Ule wa kulala chali, ambao kwa Mama Akeyo ni mkao wa maiti, tuliukataa kabisa, maana maiti katika kambi huhitaji daktari. Ukaitwa Kulala Chali Kikazi.

Matunda ya kazi yangu ni Mwongozo wa Mikao na Pumzi, vifungu ishirini na tatu. Sitavitaja vyote. Kifungu cha nne kinasema hewa itavutwa kwa amri na kutolewa kwa amri. Cha sita, hakuna kuruka bila amri. Cha saba, katika Kulala Chali Kikazi macho hufumbwa na kubaki yamefumba mpaka amri itolewe, na kufumbua ni kosa la nidhamu. Mama Akeyo aliombwa alete vyeti vyake, picha nne, na barua ya mwenyekiti wa mtaa wake wa Kisumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, kisha akaondoka na mikeka yake.

Mazoezi chini ya Mwongozo yalianza Jumatatu. Mimi mwenyewe nilisimama mbele na filimbi. Nilitoa amri ya kuvuta hewa, kumi na wawili wakavuta kwa mkupuo mmoja, jambo lililonipa faraja ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Wakati huohuo simu ikaita. Alikuwa Kamanda, akitaka kujua idadi ya viti vya plastiki vilivyopo stoo. Tulizungumza dakika sita. Niliporudi kutoa amri ya pili nikagundua kwamba wasichana wote bado wako hai, na uchunguzi wangu ukaonyesha walikuwa wamepumua kwa siri nikiwa nimegeuka. Nilimtaka Koplo Aloyo atoe maelezo.

"Walipumua kidogo tu, afande," alisema.

Mwisho wa mwezi tulicheza mechi ya kirafiki na wasichana wa soko la Nakivubo. Nilikaa kando ya wavu na filimbi, Mwongozo magotini. Mpira wa kwanza ulimjia Amony vizuri, juu, wa kubembelezwa. Amony akanitazama. Nikafungua kifungu cha sita kuhakikisha, nikatoa amri ya kuruka, akaruka vizuri sana. Mpira ulikuwa umeshalala chini. Tulifungwa seti tatu kwa sifuri kwa mpangilio ambao sijawahi kuuona kwenye mechi yoyote. Kamanda alipopata taarifa aliuliza kama wapinzani wana mwongozo. Nikamwambia hawana. Akasema basi ushindi wao si rasmi.

Wasichana hawakulia mbele yangu. Walikuwa wanarudi kambini kwa miguu, na Amony alikuwa nyuma peke yake. Nilifikiri ni uchovu.

Sasa nieleze jambo la Jumamosi, kwa sababu ndilo lililoniweka hapa nilipo. Shule moja ya Kibuli iliandaa fainali ya vijana kwenye uwanja wake, saa tisa alasiri, na timu yetu, kwa ule ushindi wake wa zamani usio na karatasi, ilikuwa imefika fainali. Mwalimu wa michezo wa shule hiyo, Bi Vera, alikuwa ameandika barua kwa mkono wake: angewatazama wasichana wakicheza na kuchagua sita wa kusoma pale bure mpaka wamalize. Timu isiyofika ndani ya dakika kumi na tano ingehesabiwa imeshindwa, na mtu hachaguliwi kwa mechi ambayo hakucheza. Barua hiyo ilizunguka kambini mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mama yake Amony aliibandika kwa selotepu.

Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, Mgeni Rasmi kutoka makao makuu alikuwa anakuja kuzindua Mwongozo wangu. Wasichana walipangiwa kuonyesha mikao. Hapakuwa na mgongano wowote. Kati ya saa nne na saa tisa kuna saa tano nzima, na nilimwambia Koplo Aloyo hivyo kwa maandishi.

Wasichana walisimama uwanjani tangu saa tatu. Mgeni Rasmi alifika saa saba na dakika ishirini, ambayo kwa cheo chake ni mapema. Akasaini kitabu cha wageni, akala chakula cha mchana, akaletewa kitabu kingine akasaini tena. Kamanda Okeny akamkaribisha. Afande Sulaimani akatambulisha mbwa. Hotuba yangu niliifupisha ikawa dakika thelathini. Nilipomaliza, Koplo Aloyo alikuwa amesimama nyuma ya hema, mikono imekunjwa.

"Afande, ni saa nane na dakika ishirini. Mechi ni saa tisa."

Nilimweleza kwamba wasichana ni kipengele cha kumi na nne na sisi tuko cha tisa.

"Amony naweza kwenda shule, afande. Ni leo tu. Kesho hapana."

Nikamtazama Amony. Alikuwa amesimama mguu sawa kwenye jua, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anahesabu dakika. Niliona haya. Nalisema wazi kwa kuwa taarifa hii ni ya kweli: niliona haya, na binti yangu ana umri huohuo. Kisha Kamanda akakohoa, nikarudi kwenye kiti changu.

Mgeni Rasmi alipewa nafasi ya kuhutubia. Ni mtu mnene, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajapata usingizi tangu alipopewa ofisi. Alisoma sentensi mbili, akaiweka karatasi chini, akauliza kama ni kweli maafisa wote wa kambi hii wanafanya mikao. Kamanda Okeny akajibu kwamba wote, kila siku, bila kukosa. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hata mmoja.

"Basi mimi nataka ile ya kulala," alisema Mgeni Rasmi. "Nalala wapi?"

Ratiba ikavunjwa. Chini ya hema palitandikwa zulia jekundu, Mgeni Rasmi akavua viatu, akajilaza. Hapo ndipo itifaki ilipojitokeza. Afisa mdogo hawezi kusimama mkubwa wake akiwa amelala, kwani atakuwa anamtazama kutoka juu. Kamanda Okeny alilielewa kabla yetu, akalala chini nje ya hema, kwenye udongo, na sare yake ya sherehe. Nikalala. Afande Sulaimani akalala, na mbwa akalala. Maafisa arobaini na mmoja, madereva, bendi, wapishi na mlinzi wa lango, wote tukashuka chini kwa kufuata vyeo. Wasichana walilala mstari wa nyuma. Ilibidi mtu mmoja abaki wima atoe amri, na kwa kuwa kila mwenye cheo alikuwa amelala, nikampa kipaza sauti Koplo Aloyo na kumteua kwa mdomo kuwa Kaimu Sauti.

Nakiri alifanya kazi nzuri. Hakutumia filimbi. Aliongea taratibu, akatuambia tuachie mabega, tuachie taya, tuachie vidole vya miguu ndani ya buti. Nilisikia mgongo wangu ukigusa ardhi sehemu ambazo haujawahi kugusa kitu. Dakika ya tatu, chini ya hema, Mgeni Rasmi akaanza kukoroma.

Msomaji ambaye hajawahi kuhudhuria sherehe za serikali hapa Kampala huenda asione tatizo. Hakuna mtu anayeinuka kabla ya Mgeni Rasmi kuinuka. Aliyekwenda chooni kabla ya Mgeni Rasmi kuondoka tumemsahau jina. Na kumwamsha mkubwa aliyelala ni kumpa amri. Kwa hiyo tukalala.

Nikasikia kipaza sauti kikizimwa, kisha nyayo nyepesi. Hapo, kwa masilahi ya kazi, nilifumbua jicho la kushoto. Koplo Aloyo alikuwa anapita kwenye mstari wa nyuma, anagusa bega moja baada ya jingine, na wasichana walikuwa wanainuka. Hawana cheo, na itifaki haiwahusu watu wasio na cheo. Njia fupi ya kwenda lango ilipita katikati yetu. Alipofika karibu nami nilimwambia kwa kunong'ona kwamba sijatoa ruhusa ya mtu yeyote kuondoka.

"Afande, wewe umelala," alisema.

"Nimelala kikazi."

"Basi endelea na kazi, afande."

Akanivuka. Wasichana wakamfuata mmoja mmoja, viatu mkononi. Amony alikuwa wa mwisho, na ni mtoto aliyelelewa vizuri. Kila afisa aliyemvuka alimwambia "samahani, afande" kwa sauti ndogo, mpaka nikazihesabu samahani zote arobaini na moja. Kisha nikasikia wanakimbia.

Kilichotokea Kibuli nimekipata kwa Mama Akeyo, ambaye alikuwa amefunga kibanda akaenda kuwasubiri kule. Walipanda mlima mbio, wakaingia uwanjani saa tisa na dakika kumi na mbili, refa ameshashika filimbi. Seti ya kwanza walifungwa. Kila mpira ulipopanda, Amony aligeuza shingo kutazama pembeni, kutafuta wa kumwambia aruke, na pembeni palikuwa na Mama Akeyo tu, anakula karanga. Mama Akeyo aliacha karanga.

"Mimi usinitazame," alimwambia. "Tazama mpira."

Baada ya hapo Amony hakugeuka tena. Walishinda tatu kwa moja. Bi Vera alisoma majina sita kwenye karatasi, na la kwanza lilikuwa la Amony. Inasemekana mtoto huyo alikaa chini palepale uwanjani akalia kwa sauti, na wenzake wote wakamlalia juu, hata wale sita ambao hawakuchaguliwa.

Huku kwetu, saa tisa na nusu, mvua ilinyesha. Mvua ya Kampala inajua kunyesha upande mmoja wa barabara. Kibuli palikuwa pakavu. Hema lilimkinga Mgeni Rasmi vizuri kabisa. Sisi tulikuwa nje. Maji ya bonde la Namuwongo hayana haraka ya kwenda popote, yakakusanyika chini ya migongo yetu, yakaingia kwenye kola. Mbwa wa kitengo, ambaye hajasoma Mwongozo, alinyanyuka akaenda kulala kwenye zulia kando ya Mgeni Rasmi. Afande Sulaimani alimwita kwa jina na kwa namba. Hakuja.

Mgeni Rasmi aliamka saa kumi na moja na dakika tano. Alikaa, akajinyoosha, akamkuna mbwa shingoni. Akatoka nje ya hema na kuona maafisa arobaini na mmoja wamelala kwenye tope, macho yamefumba, hakuna anayejikuna. Machozi yalimlengalenga. Alisema katika miaka thelathini na moja ya utumishi hajawahi kuona nidhamu ya namna hiyo, akauliza ni nani aliyeiamuru. Tukamjibu, kwa kuwa ndio ukweli, kwamba ni Koplo Aloyo.

Kamanda Okeny hakufurahi. Jumatatu alimshtaki Koplo kwa kuondoa kundi uwanjani bila idhini, kosa ambalo humvua mtu cheo na nyumba. Mahakama ya nidhamu ilikaa mesi. Mashahidi waliitwa kwa zamu, na kila mmoja aliulizwa kama alimwona mshtakiwa akiondoka na wasichana. Kila mmoja alijibu kwamba hakuona kitu, kwani macho yake yalikuwa yamefumba kwa mujibu wa kifungu cha saba. Kamanda mwenyewe alijibu hivyo. Afande Sulaimani alijibu kwa niaba yake na ya mbwa.

Nilibaki mimi. Taarifa yangu ya kurasa nne ilisomwa kwa sauti, nami nilijivunia jinsi ilivyokamilika: saa, dakika, njia waliyopita, hata kwamba msichana wa sita alikuwa amebeba ndala za bluu. Mwenyekiti wa mahakama aliniuliza niliziona vipi ndala.

"Kwa jicho la kushoto," nilijibu.

Akaomba apewe Mwongozo, akafungua kifungu cha saba, akaniuliza ni nani aliyekiandika.

Kesi ya Koplo ilifutwa kwa kukosa shahidi halali. Yangu ilichukua dakika tisa. Nilikutwa na hatia ya kufumbua jicho moja kazini, na adhabu ikasubiri maelekezo ya makao makuu, ambayo yalifika Jumatano kwa pikipiki, yakiwa na sahihi ya Mgeni Rasmi. Aliandika kwamba hajalala vile tangu alipokuwa kadeti. Aliagiza kwamba kila Ijumaa kuanzia saa nane, maafisa wote wa kambi ya Namuwongo, kuanzia cheo cha inspekta hadi Kamanda, watafanya Kulala Chali Kikazi bila hema, ili kulinda ari iliyoonekana siku ile. Koplo Aloyo amepandishwa kuwa Sajenti. Yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kutoa amri ya kuamka, na amri hiyo haiwezi kutolewa na mwingine yeyote, hata akiwa Mgeni Rasmi. Wasichana hawakutajwa. Sajenti alilitafsiri hilo kwamba hawahusiki tena na Mwongozo, na hakuna aliyembishia. Mama Akeyo amerudi na mikeka yake Jumanne na Alhamisi.

Leo ni Ijumaa ya tatu. Nimelala kati ya Kamanda Okeny na Afande Sulaimani, na siafu wamepata njia kwenye soksi yangu ya kulia. Saa nane na nusu Sajenti Aloyo alitazama saa yake. Nasema alitazama kwa kuwa nilimsikia akimwambia mlinzi wa lango kwamba leo Amony anacheza mechi yake ya kwanza na jezi ya shule, kule juu, na kwamba haitachukua muda. Kisha nyayo zikaondoka. Amri ya kuamka hakuitoa.

Kwa hiyo taarifa hii sijaiandika bado. Naitunga kichwani, nitaisaini nikipata mkono. Jua limehamia usoni. Mara kwa mara kelele zinashuka kutoka mlimani, vigelegele na filimbi, na nimejifunza kuzitofautisha. Zile ndefu ni za upande wetu. Natamani washinde. Natamani sana, na pia natamani washinde haraka.

Sasa hivi kelele zimekatika. Kimya kimekuwa kirefu, cha watu waliopoteza seti.

"Wandera," amenong'ona Kamanda. "Huu mpira wa wavu una seti ngapi?"

"Unaweza kufika tano, afande."

Kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuomba kitu kambini, ameniuliza kama namjua mtu yeyote anayeweza kwenda Kibuli kumbembeleza Sajenti. Nimemwambia kila ninayemjua amelala hapa.